Mchomoko Siyo Fuso, Jamani!

Staa mmoja wa mitandaoni, mtoto wa Tanga, anatamba na klipu: kapiga jeki mchomoko wake uani kwao, kachomelea springi za nyuma ili ubebe abiria na mizigo ya Pangani bila kulala nyuma. Laiki kibao!

Ila ukweli usemwe. Chuma cha springi kikishapigwa moto wa kuchomelea kinapoteza nguvu ya kunesa, kinaweza kukatika ghafla. Na hata springi ikikaza, breki na tairi ni zilezile. Anayejidanganya ni dereva, wanaolipa ni abiria.

Anayetaka gari likae sawa aweke springi mpya za saizi yake, abadilishe bushi na shokapu zilizochoka, apunguze mzigo. Swaga haishiki breki.

Wewe ungepanda? Funguka!