Mwandiko wa Zapfino na Kadi Zetu za Harusi



Kadi ya mwaliko ni mjumbe wa wazazi. Huingia nyumba za watu kabla yao na kunena kwa niaba yao. Ndiyo maana kina mama huihangaikia karatasi yake, rangi yake, na hasa herufi zake.

Miongoni mwa herufi zinazoiga mwandiko wa kalamu, Zapfino ina haiba ya pekee. Mwenyewe ni Hermann Zapf, bingwa wa khati wa Kijerumani, aliyezaliwa Nuremberg mwaka 1918 na kufariki mwaka 2015. Mkewe, Gudrun, naye alikuwa bingwa wa khati na mbunifu wa herufi. Asili ya Zapfino ni mwandiko wa Zapf katika daftari lake la mwaka 1944, lakini herufi zenyewe zilitolewa na Linotype mwaka 1998. Zama za herufi za risasi, kila herufi ilikaa juu ya kijitofali chake, na mikia mirefu namna ile haikuwa na pa kupita. Kompyuta ndiyo iliyouondoa ukuta huo.

Aliyesoma madrasa hatastaajabia ufundi wake. Kama vile ba ya mwanzo wa neno isivyofanana na ba ya mwisho, ndivyo herufi moja ya Zapfino ilivyo na maumbo kadhaa, na programu huweza kuchagua umbo kwa kutazama herufi jirani.

Basi itumike wapi? Majina ya bwana na bibi harusi ndiyo mahali pake: yaandikwe makubwa, mstari mmoja au miwili, na nafasi pana juu na chini ili mikia isigongane. Neno zima lisiandikwe kwa herufi kubwa, kwani halitasomeka. Ama tarehe, saa, msikiti na nambari ya simu, vyote hivyo viandikwe kwa herufi za kawaida zilizonyooka. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi: kadi ya kupendeza isiyosomeka humfikisha mgeni baada ya nikaha kwisha, naye bibi mwenye macho dhaifu huona haya kuuliza.

Zapfino ni ya herufi za Kilatini. Mkitaka Bismillahi kwa Kiarabu, mwambieni mchapaji atumie herufi za naskhi, kisha mkague wenyewe, maana programu isiyojua Kiarabu huzitenganisha herufi na kuzigeuza kinyumenyume, na neno tukufu likaharibika.

Kabla ya kuruhusu kadi mia tatu zichapwe, ombeni nakala moja ya majaribio. Mpeni mzee kuliko wote nyumbani aisome kwa sauti, pasi na kusaidiwa. Akikwama kwenye saa au mahali, irudisheni kwa mchapaji siku hiyo hiyo.