SANAMU MLANGONI MWA CHUO KIKUU

Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, kila linapozuka pendekezo la kuchonga sanamu ya mtu na kuisimamisha katika viwanja vya chuo kikuu, nasi tukalipinga, tunajibiwa: "Mbona Cairo wanayo?" Wanaojibu hivyo wamo hata vijana tunaoswali nao safu moja. Basi na tuitazame hiyo ya Cairo.

Katika barabara iendayo Chuo Kikuu cha Cairo, upande wa Giza, imesimama Nahdat Misr, yaani Mwamko wa Misri, kazi ya mchongaji Mahmoud Mukhtar. Wananchi waliichangia fedha, ikazinduliwa mwaka 1928 mbele ya kituo cha reli, kisha mwaka 1955 ikahamishiwa hapo ilipo. Ni mwanamke anayejifunua ushungi, mkono wake mwingine ukiwa juu ya kichwa cha Abul-Hawl, kiumbe wa Mafirauni mwenye mwili wa simba na uso wa mtu. Nchi iliyofunguliwa na Amr bin al-As (r.a.), nchi ya Azhar, inamwambia mwanafunzi wake kwamba mwamko wake uko kwa Firauni! Je, huu ndio ushahidi tunaoletewa?

Hatukatai kwamba Sheikh Muhammad Abduh, aliyekuwa Mufti wa Misri hadi kufa kwake mwaka 1905, aliona kuwa sanamu isiyohofiwa kuabudiwa haina ubaya. Tunamheshimu, lakini hapa hatumfuati. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), katika Sahih ya Bukhari, kuwa Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr walikuwa watu wema wa kaumu ya Nuh (a.s.). Walipokufa, wenzao walisimamisha masanamu katika mabaraza yao na kuyaita kwa majina yao. Kizazi kile hakikuyaabudu. Kilipopita, na elimu ikasahaulika, yakaabudiwa. Nao bila shaka walisema ni kumbukumbu tu.

Tuseme msomaji wetu si Mwislamu na hoja hii haimgusi. Na atazame Cape Town. Sanamu ya Rhodes iliyowekwa katika chuo kikuu cha huko mwaka 1934 iling'olewa tarehe 9 Aprili 2015, baada ya wanafunzi kuipinga kwa mwezi mzima. Huko Legon, Ghana, sanamu ya Gandhi, zawadi ya serikali ya India, ilizinduliwa Juni 2016. Desemba 2018 ikaondolewa, kwa kuwa wahadhiri walikumbusha aliyoyaandika kuhusu Waafrika alipokuwa Afrika Kusini. Haikudumu hata miaka mitatu. Nani aliwauliza wanafunzi kabla?

Na sisi tuna "kubebana", neno ambalo kila aliyepita Mlimani analijua: wanafunzi wawili katika kitanda kimoja cha bweni. Kamati inayotafuta fedha za shaba na mchongaji ikapite kwanza mabwenini saa nne usiku.

Wanahistoria wanasimulia kuwa Fatima al-Fihri alitoa urithi wake mwaka 245 Hijria (859) kujenga msikiti wa Qarawiyyin mjini Fez, uliokuja kuwa chuo. Sura yake haijulikani. Anayetaka mwanzilishi wa chuo chetu akumbukwe na amwekee wakfu: bweni, kisima, au ada ya yatima mmoja kila mwaka.

Hatumtumi kijana yeyote kwenda na nyundo usiku. Hilo ni fitina na hatuliridhii. Waislamu waliomo katika mabaraza ya vyuo na waandike barua sasa, kabla mkataba na mchongaji haujatiwa saini.

Wabillahi tawfiq.