Pesa za mazingira: hesabu isomwe kijijini, si Ulaya peke yake

Kando ya barabara nyingi za Kivu ya Kaskazini kuna mabango ya mashirika ya mazingira. Bango linataja jina la mradi, jina la mfadhili, na mara nyingi picha ya mti ao ya gorila. Kitu kimoja hakiandikwi pale: ni pesa ngapi zimetolewa. Mama anayepita na kuni kichwani anaweza kujua nani ametoa, lakini hajui ametoa kiasi gani, zimepita mikononi mwa nani, na ni ngapi zimefika kijijini.

Jambo hilo si dogo. Hifadhi ya Virunga iliundwa mwaka 1925, ina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 7.800, na UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1979. Tangu 1994 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kwa sababu hiyo pesa nyingi zinaingia kwa jina lake, kutoka Umoja wa Ulaya na kutoka kwa matajiri wa ng'ambo. Kazi inaonekana: kiwanda cha umeme cha Matebe, katika Rutshuru, kilifunguliwa mwaka 2015 kwa msaada wa mfuko wa Howard Buffett wa Marekani. Tangu 2007, WWF na vyama vya wakulima walipanda miti kwa mradi wa EcoMakala, ili makala ya kupikia yatoke mashambani badala ya hifadhini. Na walinzi zaidi ya 200 wamekwisha kufa katika kulinda Virunga. Mtu asiseme kwamba hakuna kitu kilichofanyika.

Lakini kuona kazi ni jambo moja, kuona hesabu ni lingine. Shirika la hisani lililoandikishwa Uingereza linapashwa kila mwaka kujulisha hesabu zake kwa tume inayosimamia mashirika hayo, na mwenye kutaka anazisoma bila kulipa. Mfuko unaosaidia Virunga uko chini ya utaratibu huo. Ni jambo jema. Ila linamlinda kwanza mtoaji. Mtu wa London anaweza kujua pesa yake imefanya nini. Mjane wa Kibumba, ambaye shamba lake linapakana na hifadhi, hawezi: hesabu iko kwa Kiingereza, iko kwenye intaneti, na yeye hana hata moto wa kuchaji simu. Kutoa hesabu kwa mfadhili peke yake ni nusu ya deni. Nusu ingine inadaiwa na yule ambaye umasikini wake ulitumiwa kuombea pesa hizo.

Mashirika ya hapa nchini nayo hayawezi kusema hakuna sheria. Sheria ya mwaka 2001 inasimamia vyama visivyo vya faida. Tena Congo ni mwanamemba wa OHADA tangu 2012, na tangu tarehe 1 ya mwezi wa kwanza 2024 OHADA ina utaratibu mmoja wa kushika hesabu za vyama, mifuko na miradi isiyotafuta faida. Daftari la mapato na matumizi si fadhili ya mkurugenzi, ni lazima. Kinachobaki ni kulifungua mbele ya watu, na hapo sheria peke yake haitoshi, inahitajika nia.

Kuna kipimo kimoja ambacho mashirika hupenda kuonyesha: asilimia ya pesa inayoenda kwenye kazi na ile inayobaki ofisini. Kipimo hicho kinadanganya kwa urahisi. Gari, mafuta yake, hoteli ya semina, vyote vinaweza kuandikwa kama kazi ya shambani. Tena pesa inapita ngazi nyingi: mfadhili, shirika la kimataifa, shirika la Kinshasa ao la Goma, kisha chama cha kijiji. Kila ngazi inakata sehemu yake na kusema ni ndogo. Chama cha kijiji, ambacho ndicho kinashika jembe, kinapokea mabaki.

Hesabu nzuri inaanzia kwenye mti wenyewe. Tuseme, kwa mfano tu, mradi umepewa dola 100.000 na umegawa miche 100.000. Ripoti itasema: mti mmoja, dola moja. Lakini ikiwa baada ya miaka mitatu imebaki hai 25.000, mti mmoja umegharimu dola nne. Mbuzi wamekula, jua limekausha, vita imefukuza wenye shamba: sababu zinaweza kuwa za kweli, na hakuna wa kulaumiwa. Ila ripoti isiyosema idadi ya miti iliyobaki hai haijasema kitu. Mkulima anajua hilo, kwa sababu yeye hahesabu mbegu alizotupa udongoni, anahesabu magunia aliyovuna.

Hata daftari safi lisichukuliwe kuwa mwisho wa habari. WWF ni shirika kubwa, hesabu zake hukaguliwa kila mwaka. Pamoja na hayo, mwaka 2020 tume ya kujitegemea iliyoongozwa na Navi Pillay ilichunguza malalamiko ya raia kuhusu ukatili wa walinzi wa hifadhi katika nchi kadhaa za Afrika na Asia, Congo ikiwemo. Tume haikukuta kwamba wafanyakazi wa WWF waliamuru ao walishiriki ukatili huo, lakini ilisema shirika lilishindwa, mahali mbalimbali, kufuata ahadi zake lenyewe za haki za watu. Risiti inaonyesha pesa imelipa nini. Haionyeshi mwanakijiji aliyelalamika na kukosa wa kumsikiliza. Kwa hiyo swali la pesa na swali la malalamiko lazima yaulizwe pamoja.

Familia zilizokimbia vita zinalijua jambo hili kuliko wengine. Mwaka 2023 kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Rusayo zilijaa watu, na hifadhi iko karibu. Madaktari Wasio na Mipaka walihudumia wanawake wengi waliobakwa, na wengi wao walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni na chakula. Katika hali kama ile, mbabula inayopunguza makala si mazingira tu, ni usalama wa mwili wa mama. Kila mbabula iliyoandikwa kwenye ripoti na isiyofika kwenye hema ina jina la mtu aliyerudi msituni.

Kisha mwezi wa pili 2025 kambi za kando ya Goma zikabomolewa na watu wakatawanyika. Shirika lolote lililokuwa na mradi mule lina deni la kujibu: pesa iliyobaki ilikwenda wapi? Vifaa vilihamishiwa nani? Je, wale waliorudi Masisi ao Rutshuru bado wanahesabiwa kama wafaidika? Kuuliza si kushitaki. Mwenye majibu hana sababu ya kukasirika.

Wako wanaosema kwamba kutangaza pesa katika eneo la vita ni kuita majambazi. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini kwa sehemu tu. Hakuna anayeomba shirika litangaze siku ambayo karani atabeba mshahara. Kinachoombwa ni hesabu ya pesa ambazo zimekwisha kutumika, na hizo haziwezi kuibwa tena. Wengine wanasema tangu benki za Goma zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, kazi ya hesabu imekuwa ngumu. Ni kweli pia. Lakini malipo ya simu yanaacha alama: tarehe, kiasi, namba. Aliyelipa kwa simu ana ushahidi kuliko aliyelipa kwa bahasha.

Basi bango libadilike. Liandike jumla ya pesa za mradi, muda wake, na sehemu iliyopangwa kwa kijiji. Kila miezi sita, hesabu isomwe kwa Kiswahili, kwa Kinande, kwa Kinyarwanda ao kwa Kihunde, kanisani, sokoni na kwenye redio ya mtaa, mbele ya chefu na wanawake. Idadi ya miti iliyo hai itajwe. Namba ya malalamiko isishikwe na mtu yuleyule anayelalamikiwa, na itangazwe ni malalamiko mangapi yamejibiwa.

Hayo hayahitaji mfadhili mpya. Yanahitaji karatasi, sauti, na kamati ya kijiji isiyoogopa kuuliza. Chefu wa mtaa, rais wa kambi ao kiongozi wa chama akialikwa kwenye uzinduzi wa mradi, aulize hesabu siku hiyohiyo, kabla ya kupiga picha.