Damu Yetu Ilifunza Ulimwengu, Dawa Isitupite

Mwezi wa Novemba 2023 Uingereza iliruhusu Casgevy, dawa ya kwanza duniani ya kurekebisha jeni kwa njia ya Crispr, ile iliyowapatia Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Marekani ikafuata mwezi wa Desemba. Ni dawa ya selimundu, ugonjwa ambao sisi wa Afrika Mashariki twaujua kwa kuzika watoto wetu. Twaipokea habari hiyo kwa furaha. Lakini furaha peke yake haitamponya mtoto wa mkulima wala wa mfanya kazi wa bandarini.

Wako wasemao kwamba kugusa jeni ni kuingilia kazi ya Mungu. Twawasihi waitazame kazi yenyewe. Madaktari huchukua chembe zizaazo damu za mgonjwa mwenyewe, huzirekebisha jeni, kisha humrudishia. Hapo mwili huanza tena kutengeneza himoglobini ya namna ile aliyokuwa nayo tumboni mwa mama yake, nayo huzuia chembe nyekundu zisipinde kama mundu. Badiliko hilo halirithiwi na wanawe. Tena ufundi huu si wa jana: tangu mwaka 1982 wagonjwa wa kisukari wamepata insulini inayotengenezwa na bakteria waliotiwa jeni ya binadamu, badala ya kutegemea ile ya ng'ombe na nguruwe.

Basi neno zito si jeni, ni bei. Huko Marekani dawa hii iliwekewa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nao watoto walio wengi wazaliwao na selimundu ulimwenguni huzaliwa Afrika, kusini mwa Sahara. Dawa imewekwa mbali na penye ugonjwa.

Wenye kampuni hujibu kwamba utafiti una gharama. Hatukatai. Lakini gharama hiyo haikulipwa na wao peke yao. Mwaka 1953 daktari Anthony Allison aliwatia malaria wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea nchini Kenya. 15 walikuwa na jeni moja ya selimundu, na 15 hawakuwa nayo. Kati ya wasiokuwa nayo malaria iliwashika 14. Kati ya waliokuwa nayo, wawili tu. Kwa njia hiyo ulimwengu ulijifunza kwamba jeni moja humkinga mtu na malaria, na kwamba ndiyo sababu selimundu imeenea penye mbu. Arithiye jeni mbili, kutoka kwa baba na mama, ndiye augue. Watu wetu walitoa miili yao ili elimu hiyo ipatikane. Aliyetoa mbegu hafukuzwi siku ya mavuno.

Hata hivyo hatusemi tukae tukinyoosha mikono. Hata kama dawa hii ingeletwa bure kesho, mgonjwa hana budi kwanza kupewa dawa kali za kusafisha uboho, na kulazwa kwa majuma mengi chini ya wauguzi na mafundi wa maabara waliohitimu. Dawa isiyo na watu wa kuitumia ni sanduku tu.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila mtoto azaliwaye apimwe damu, na mwenye selimundu apewe mapema penisilini na haidroksiyurea, dawa zinazojulikana zamani na zisizo ghali kama hii. Pili, vijana wetu wasomeshwe elimu ya jeni mpaka waweze kuifanya kazi hii hapa hapa. Tatu, serikali za Afrika ziende kwa wenye dawa kwa sauti moja, maana nchi moja moja itapuuzwa.

Elimu ya jeni ni mali ya wanadamu wote. Hatuiombi kama sadaka; twadai fungu letu.