Jeli Inayomnusa Samaki

Mpenzi msomaji, Jumapili hii hebu tufuatane hadi soko la Daraja Mbili mjini Kisii. Hapa hakuna ziwa. Ngege na mbuta waliopangwa mezani wametoka pande za Homa Bay na Kendu Bay, wakapanda milima hii kwa gari. Unamwinua mmoja na kuuliza, "Mama, huyu ni wa lini?" Unajibiwa, "Wa leo asubuhi, mwanangu." Unamnusa. Je, utaiamini pua yako?

Usiiamini sana. Pua ikikaa na harufu kwa muda huizoea, ikaacha kuisikia. Anayeshinda sokoni huenda hasikii kile ambacho watoto wako watakisikia jioni, obokima ukiwa tayari mezani.

Ndiyo maana wanakemia wanatafuta pua isiyochoka. Samaki akifa, bakteria huanza kuila nyama yake, na mvuke wa amonia na jamaa zake hutoka. Jamaa hao huitwa amini, jina lisilohusiana kabisa na kumwamini mwuza samaki!

Sasa, jeli ni nini? Ni kimiminika kilichonaswa ndani ya wavu wa nyuzi nyembamba mno, kikashikamana kama uji uliopoa. Jeli nyingine hutengenezwa kwa molekuli zinazong'aa zikimulikwa kwa taa ya zambarau, kama ile ya kukagulia noti bandia benki. Jeli hiyo ikipakwa juu ya kioo na kukaushwa, hubaki wavu wenye matundu madogo. Mvuke wa samaki hupenya humo, na amini ikigusa nyuzi, mng'ao hufifia. Nyingine hubadilika rangi.

La ajabu ni hili. Nishati ya mwanga husafiri kwenye uzi, kutoka molekuli moja hadi nyingine. Ikifika mahali palipoguswa na mvuke, huzimika. Hivyo tone dogo mno la mvuke huzima mwanga wa molekuli nyingi. Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote. Wanakemia wameugeuza msemo huo kuwa chombo. Mwaka 1998 Yang na Swager, wa chuo cha MIT kule Marekani, walionyesha kwamba utando wa polima ing'aayo huweza kunasa mvuke wa TNT, baruti inayotiwa katika mabomu ya kutegwa ardhini.

Lakini tahadhari, msomaji. Jeli ya namna hii hujua kuoza tu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wa Ziwa Victoria kwa shaka kwamba baadhi ya wavuvi walitumia dawa za kuulia wadudu. Samaki wa aina hiyo aweza kuwa mbichi kabisa, na jeli ikaendelea kung'aa huku sumu imo ndani. Kila pua ina kazi yake.

Kwa hiyo, ukienda sokoni, tumia viungo vyote ulivyopewa. Tazama macho ya samaki: yawe maangavu, yasiwe yamedidimia. Fungua matamvua: yawe mekundu. Bonyeza nyama: irudi mahali pake. Kisha toka nje, uvute hewa safi, urudi umnuse tena. Pua iliyopumzika haidanganyiki upesi.

Hadi Jumapili ijayo, mlo mwema!