Halali ya Kuku Haianzi Kwenye Kisu



Baadhi ya familia zinazofuga kuku wa nyama nyumbani zina desturi ya kuchukua mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi na kuyachanganya na pumba, ili kuku wanenepe upesi. Je, kuna ubaya gani, madhali kuku huyo atachinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu?

Tuanze na maumbile ya kuku mwenyewe. Gramu moja ya mafuta hutoa takriban kilokalori 9, ilhali gramu ya wanga hutoa 4. Kwa hiyo kuku wa nyama, anayetarajiwa kuchinjwa akiwa na wiki tano au sita, hutiliwa mafuta kiasi katika chakula chake. Tena ndani ya mafuta mna asidi ambazo mwili wa kuku hauwezi kuzitengeneza, kama vile asidi ya linoleiki. Hiyo huipata katika mahindi, soya na alizeti.

Ng'ombe na mbuzi hucheua, na vijidudu vya tumboni mwao huyageuza mafuta kabla hayajafyonzwa. Kuku hacheui. Mafuta anayolishwa huonekana waziwazi katika nyama yake. Akilishwa mbegu za kitani au mafuta ya samaki, nyama huongezeka asidi za omega-3, zenye manufaa kwa mwili wa mlaji. Akilishwa dagaa kwa wingi mpaka siku ya kuchinjwa, nyama huweza kunuka samaki.

Mafuta yaliyochomwa mara kwa mara huwa yameharibiwa na joto na hewa. Yakitiwa katika chakula huteketeza vitamini E, na kifaranga akiikosa vitamini hiyo, ubongo wake hudhurika: hupepesuka, hupinda shingo, huanguka na kufa. Mfugaji aliyetaka kuokoa shilingi chache huishia kuzika vifaranga.

Ama kwa upande wa dini, Qur'ani Tukufu katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 168, haikutaja uhalali peke yake katika chakula, bali imeuambatanisha na uzuri. Pia Mtume (S.A.W.) amekataza kuliwa jallala, yaani mnyama anayekula najisi. Wanazuoni wengi wameona katazo hilo ni la karaha, na wengine wameona ni la uharamu, mpaka mnyama azuiliwe na kulishwa kilicho safi. Imepokewa kwamba Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu.

Mafuta ya chipsi si najisi kwa asili yake. Lakini yakitoka katika jiko usilolijua, huna hakika kama hayakukaangia nguruwe. Na hata yakiwa tohara, yakiwa yameharibika hayaingii katika maana ya uzuri.

Basi mfugaji na atumie mafuta mapya ya alizeti au soya, kwa kiasi kidogo. Ayahifadhi katika chombo chenye kifuniko, mahali penye ubaridi pasipopigwa na jua, na ayanuse kabla ya kuyachanganya. Vifaranga wa wiki ya kwanza na ya pili wasipewe mafuta yanayoganda, kwa kuwa hawajaweza kuyasaga vizuri. Dagaa apunguzwe kuku wanapokaribia kuchinjwa. Na anayenunua chakula kilichokwisha changanywa amuulize muuzaji mafuta yake yametoka wapi.

Mnunuzi huona kuku mnene mwenye ngozi nyeupe, hakuona alichokula. Aliyeona ni mfugaji, na Mola wake. Kisu huja siku ya mwisho tu, lakini amana ya mfugaji huanza siku ile ya kwanza anapojaza chombo cha chakula.

Wabillahi tawfiq.