Mshahara wa Mshambuliaji na Viatu vya Beki

Kila mwaka ifikapo Desemba mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa watu wa Kilimanjaro wanaorudi kula Krismasi na wazee wao, nami huwa mmojawapo. Kwetu ni Kilema, kati ya Kirua na Marangu, mahali ambapo migomba na mibuni hushindana kuficha nyumba. Majuma yale mawili huwa ya ndafu, ya mbege, ya ubatizo na harusi. Tena huwa ya mpira, maana vijana wa kila upande huunda timu yao, na heshima ya upande mzima huwekwa juu ya miguu ya watu kumi na mmoja.

Krismasi iliyopita niliitwa katika kikao cha kamati ya timu ya upande wetu. Tulikaa juu ya magogo nyuma ya duka. Mweka hazina, kijana mwenye adabu na daftari safi, alitusomea kuwa michango ya wenyeji na ya sisi tutokao mijini imefika shilingi 900,000. Kisha mwenyekiti akaleta pendekezo lake: shilingi 500,000 zitumike kumleta mshambuliaji mmoja kutoka Moshi mjini kwa mechi za mashindano, na zilizobaki zigawanywe katika jezi, nauli, maji na mambo mengine. Wengi walipiga makofi. Huyo kijana wa mjini alikuwa na sifa zake, na waliowahi kumwona hawakuwa wakitia chumvi.

Palikuwapo mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi alisimamia mfongo wa maji unaopita katika vihamba vyetu. Akauliza swali moja tu: “Wajukuu zangu, upande wa kushoto nyuma atacheza nani?” Akajibiwa kuwa ni yule yule wa siku zote, kijana ambaye huja uwanjani moja kwa moja kutoka kukata majani ya ng'ombe, na ambaye viatu vyake vimefungwa kwa waya. Mzee akanyamaza. Mwenyekiti akasema, “Babu, tukiwa na mfungaji hatutahitaji kulinda sana.” Pendekezo likapita. Nami, nakiri, nilinyoosha mkono kuliunga.

Msomaji atakayedhani kuwa haya ni mambo ya kijijini na atazame Dar es Salaam. Vijiweni Kariakoo, na katika daladala asubuhi, wafanyakazi ambao mishahara yao haifiki mwisho wa mwezi hubishana kwa furaha juu ya mamilioni wanayolipwa nyota wa Simba na Yanga. Klabu zetu hazina desturi ya kutangaza mishahara hiyo, kwa hiyo kila mtu hutaja tarakimu impendezayo. Lakini swali lililo chini ya mabishano hayo ni lile lile la nyuma ya duka kule Kilema: fedha nyingi zikiwekwa juu ya mtu mmoja, je, timu itashinda?

Tuanze na hoja ya wanaosema ndiyo, maana si hoja ya kipuuzi. Simba walitwaa ubingwa wa Bara mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21. Mwaka 2021 wakamwachia Luis Miquissone kwenda Al Ahly ya Misri na Clatous Chama kwenda RS Berkane ya Morocco. Msimu uliofuata Yanga walichukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Mpenzi wa Simba atakuambia kuwa sababu ni hiyo hiyo, na kwa kiasi fulani yuko sahihi. Ila asisahau kwamba Chama alirudi Msimbazi Januari 2022, na Miquissone naye akarudi mwaka 2023, na bado ubingwa ulibaki Jangwani. Kumbe kilichopotea hakikuwa watu wawili peke yao.

Mfano wa Fiston Mayele una mafunzo zaidi. Mkongo huyu alifunga mabao 17 ya ligi katika msimu wa 2022/23, sawa na Saido Ntibazonkiza wa Simba, na katika Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka huo aliongoza wafungaji wote kwa mabao 7. Yanga walifika fainali. Katika mchezo wa kwanza Dar es Salaam walifungwa 2–1 na USM Alger, na bao la Yanga lilikuwa la Mayele. Huko Algiers walishinda 1–0, kwa penalti ya Djuma Shaban, ambaye ni beki, lakini kombe likaenda kwa Waarabu kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Baadaye mwaka huo Mayele aliuzwa kwa Pyramids ya Misri. Wako waliolia hadharani. Walidhani nyumba imeondolewa nguzo.

Msimu wa 2023/24 Yanga wakawa mabingwa tena. Mnamo tarehe 5 Novemba 2023 waliwafunga Simba 5–1. Stephane Aziz Ki, ambaye ni kiungo, alimaliza na mabao 21, na viungo wengine kama Maxi Nzengeli na Mudathir Yahya nao wakafunga ya kwao. Mabao yaliyokuwa yakisubiri mguu mmoja sasa yalitoka pande nyingi, na beki wa timu pinzani hakujua tena amkabe nani. Mayele mwenyewe hakuharibikiwa. Mwaka 2025 alifunga bao katika mchezo wa pili wa fainali Pyramids walipotwaa Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Alikuwa nyota kweli. Ila nyota huyo alipoondoka, timu aliyoiacha haikuzimika.

Wazee wetu wa mpira wanaweza kuongeza ushahidi wa zamani. Mwaka 1974 Simba walifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika na kutolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti, katika siku ambazo wachezaji wetu walihesabiwa kuwa wa ridhaa na wengi walikuwa na kazi zao za kila siku. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa milimani wenye migomba na baridi kama ya kwetu, ilitwaa ubingwa wa nchi. Mwaka 1999 na tena mwaka 2000 bingwa alikuwa Mtibwa Sugar, timu ya mashamba ya miwa kule Turiani. Sidai kuwa umaskini hushinda mechi. Nasema tu kwamba hao hawakuwa na uwezo wa kumnunua mtu ambaye Simba na Yanga walimtaka, na walishinda.

Huko ng'ambo, ambako hesabu huwekwa wazi, jambo hili limechunguzwa kwa makini. Simon Kuper na Stefan Szymanski, katika kitabu chao cha mwaka 2009, walionyesha kuwa katika ligi ya Uingereza, kwa muda mrefu, jumla ya mishahara ya klabu hueleza kwa sehemu kubwa sana nafasi itakayoshika. Wapenda nyota hushangilia wakisikia hivyo. Wasikilize vizuri: ni jumla ya mishahara, yaani ya kipa, ya mabeki, ya viungo, na ya wale wanaokaa benchi. Wenzao wawili, Chris Anderson na David Sally, mwaka 2013 walikwenda mbali zaidi, wakasema kuwa katika mpira wa miguu timu hupata faida kubwa zaidi kwa kumwondoa au kumwinua mchezaji wake dhaifu kuliko kwa kumwongeza hodari wake hodari.

Kama kulikuwa na mahali pa kuwakanusha, palikuwa Paris. Mwaka 2017 Paris Saint-Germain walimnunua Neymar kwa euro milioni 222. Mwaka 2021 wakamwongeza Lionel Messi, wakiwa na Kylian Mbappé tayari. Washambuliaji watatu wa namna hiyo katika timu moja! Ubingwa wa Ufaransa waliuchukua, ndiyo, lakini katika Ligi ya Mabingwa ya Ulaya walitolewa hatua ya kumi na sita bora mwaka 2022 na tena mwaka 2023. Messi na Neymar wakaondoka 2023, Mbappé 2024. Tarehe 31 Mei 2025, vijana wanaokimbia wote, pamoja na washambuliaji wao kurudi kuzuia, waliifunga Inter Milan 5–0 katika fainali. Klabu ile haikuwa imefilisika, msomaji. Fedha zilikuwapo bado. Zilikuwa zimetandazwa tu.

Wamarekani, ambao futiboli yao huchezwa zaidi kwa mikono, wanalo jaribio lililo wazi kuliko letu. Tangu mwaka 1994 kila timu ya ligi yao imewekewa kikomo kimoja cha jumla ya mishahara, kwa hiyo kila dola apewayo mpanga mashambulizi, wanayemwita kotabeki, ni dola ambayo mwingine hatapewa. Dallas Cowboys walimpa Dak Prescott mkataba wa wastani wa dola milioni 60 kwa mwaka mnamo Septemba 2024. Aliumia katikati ya msimu, na timu ikamaliza na ushindi 7 na kushindwa 10. Lakini Kansas City walimpa Patrick Mahomes mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 450 mwaka 2020, nao wakashinda fainali kuu mwaka 2023 na mwaka 2024. Basi asije mtu akaniambia kuwa nyota hana thamani. Anayo. Hatari ni kwamba misuli ya paja la mtu mmoja inakuwa ndiyo benki ya timu nzima.

Nimrudie sasa yule mzee wa mfongo. Ambaye hajaishi mlimani huenda asijue kuwa maji ya vihamba vyetu huteremshwa kutoka mtoni kwa mifereji iliyochimbwa na mababu, nayo hushikiliwa kwa udongo, mawe na mikono ya watu. Siku ya kazi ya mfongo kila nyumba hutoa mtu. Asiyefika hutozwa faini. Unaweza kujenga banio zuri kabisa kule juu, la saruji, hata watalii wakalipiga picha. Ukingo ukibomoka mahali pamoja tu njiani, maji yote huingia korongoni, na mama aliye chini hapati hata ndoo moja ya kumwagilia mboga. Mzee alikuwa ametumia maisha yake kutafuta ukingo ulio dhaifu. Ndiyo maana hakuuliza habari za mfungaji.

Mechi ya kwanza tulishinda 3–0, na kijana wa mjini alifunga mawili ambayo bado yanasimuliwa katika nyumba za mbege. Nilimtazama mwenyekiti, naye alinitazama kama mtu aliyethibitishwa. Mechi ya pili tulishinda kwa taabu. Katikati ya mechi hizo jambo lilivuja: vijana wetu, ambao wengine walitembea kwa miguu kuja uwanjani kwa sababu nauli ilikuwa imekwisha, walifahamu kiasi alicholipwa mwenzao. Hakuna aliyegoma. Watu wa kwetu hawagomi siku za Krismasi. Ila katika nusu fainali nilianza kuona mambo ambayo sikuyaona awali. Mpira ulipopotea, watu waligeuka polepole. Winga wetu, kijana mpole, alipoambiwa kwa sauti arudi kusaidia nyuma, alijibu, nami nilikuwa karibu nikasikia: “Mwambieni huyo mnayemlipa.”

Tulifungwa 2–1. Bao letu lilikuwa la kijana wa mjini, tena zuri, wala sina neno la kumlaumu. Alifanya kazi aliyoitiwa. Mabao yote mawili ya wenzetu yalipitia upande wa kushoto. Katika la pili beki wetu aliteleza, kiatu kikabaki kwenye tope, akamkimbiza mtu akiwa na mguu mmoja mtupu hadi ndani ya eneo la hatari. Mama yake alikuwa kando ya uwanja, amebeba kikapu cha ndizi za kuuza. Hakusema kitu. Aliingia uwanjani, akakiokota kile kiatu, akakifuta tope kwa kanga yake.

Wewe unayesoma haya ukiwa mfanyakazi wa kiwanda, wa bandari au wa ofisi, huenda umekwisha kuona kwako mwenyewe meneja mpya akiletwa kwa gari na nyumba, huku fundi wa mashine akiambiwa asubiri glavu hadi mwaka ujao. Sitaendelea na hilo. Ukurasa huu una nafasi yake, nawe unazijua hesabu za kazini kwako kunishinda.

Juma lililopita mweka hazina alinipigia simu. “Shikamoo, baba mdogo,” akasema, “Desemba inakaribia, na mwenyekiti anaulizia kama utachangia tumlete yule mshambuliaji tena.” Nikamwambia nitatuma fedha siku hiyo hiyo, lakini ni za viatu jozi kumi na moja, zianzie kwa beki wa kushoto, na aandike hivyo daftarini. Kikapita kimya kidogo. Kisha akaniambia kwamba yule kijana sasa yuko Himo, anaendesha bodaboda, hachezi tena. Ila mdogo wake ndiye aliyechukua nafasi ile, na namba ya mguu ni hiyo hiyo.